Hedhi baada ya mimba kutoka ukiwa na tatizo la damu kuganda: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nimesafishwa juzi na natumia dawa ya kuyeyusha damu, hedhi itarudi lini?" "Natoa mabonge, ina maana ugonjwa umerudi?" "Niache dawa kwanza mpaka damu ikate?" Hilo la tatu ndilo lililonifanya nikae chini niandike, maana wengi huwa wameshaacha ndipo wanauliza. Usiache. Damu ya hedhi ikizidi, unaipima, unaiandika, unaipeleka kwa daktari, na yeye ndiye anayegusa dozi. Mengine yote hapa chini yanazunguka hapo.

Kwanza tuelewane ninaongea na nani. Huu ni mwongozo wa mwanamke ambaye damu yake huganda kupita kiasi: aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, au aliyeambiwa ana kingamwili za antifosfolipidi zinazosababisha mimba kutoka. Kama tatizo lako ni kinyume chake, yaani damu isiyotaka kuganda kama ya hemofilia, usifuate ushauri wa dawa uliomo humu. Baadhi ya dawa ninazozikataza hapa wewe huenda ndizo unazopewa.

Nadharia ni kidogo tu. Bonge la ugonjwa hukaa ndani ya mshipa. Bonge la hedhi ni damu iliyokwisha kutoka kwenye mishipa, ikatuama kwenye kizazi au ukeni, ikashikana kabla ya kutoka. Kwa hiyo kuona mabonge kwenye pedi si dalili kwamba ugonjwa umerudi, ila ni dalili kwamba damu inatoka nyingi. Na yule anayekwambia "acha itoke, si una damu nzito" umsikilize kwa adabu tu. Kutoka damu nyingi hakupunguzi tabia ya damu yako kuganda. Kunachukua madini ya chuma na kukuacha unahema kwenye ngazi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Karatasi ya kuruhusiwa hospitali, yenye umri wa mimba, kama ulisafishwa au ilitoka yenyewe, na kundi lako la damu. Kama kundi lako ni hasi, uliza siku hiyo hiyo kuhusu sindano ya anti-D. Inatakiwa ndani ya saa 72.
- Picha ya boksi la kila dawa unayotumia, kwenye simu. "Kile kidonge cha pinki" hakimsaidii daktari wa zamu.
- Majibu ya karibuni ya INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda), kama unatumia warfarini, kile kidonge cha kuzuia damu kuganda.
- Daftari dogo na kalamu. Kalenda ya simu inafaa pia, ila simu huzima chaji.
- Pedi za aina moja. Ukichanganya nene na nyembamba, hesabu itakudanganya.
- Vipimo viwili vya mimba vya mkojo na kipimajoto.
- Namba ya dereva wa bajaji au teksi wa mtaani kwako anayepokea simu usiku. Bodaboda haimfai mtu anayekaribia kuzimia.

Hatua ya 1: Tenganisha damu ya mimba na hedhi

Andika tarehe mimba ilipotoka au uliposafishwa. Damu inayofuata hapo si hedhi. Huanza nyingi, hupungua, hugeuka kahawia, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hivi. Ukiwa kwenye dawa za kuzuia kuganda inaweza kuchelewa kidogo, lakini mwelekeo uwe ule ule wa kupungua.

Kipindi hiki usiingize chochote ukeni: tendo la ndoa, kikombe cha hedhi, tamponi, na hasa vile vipipi na lulu za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitandaoni. Kizazi kilichotoka kupoteza mimba kina jeraha, na mlango wake hauwahi kufunga vizuri siku hiyo hiyo. Unachoingiza kinabeba wadudu. Kizazi hakihitaji kusafishwa kwa mitishamba. Kama kuna mabaki ndani, yanaonekana kwa ultrasaundi na yanaondolewa hospitali.

Hatua ya 2: Kariri dalili za hatari, na umkaririshe mwenzako

Nimeiweka mapema kwa makusudi. Ukizimia, wewe si wa kusoma mwongozo. Mumeo, dada yako au jirani unayeshirikiana naye ukumbi ajue haya.

Nenda hospitali muda huo huo ukiona:

- Pedi 2 kubwa zinalowa chepechepe kwa saa moja, kwa saa 2 mfululizo.
- Kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au kuzimia.
- Homa, uchafu wenye harufu mbaya, au tumbo la chini kuuma sana.
- Mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa wa moto kuliko mwenzake.
- Kifua kubana, kuhema ghafla, kukohoa damu.
- Kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, kuona ukungu.
- Choo cheusi cha kunata kama lami, mkojo wenye damu, au damu ya pua isiyokata.

Angalia kwamba orodha ina mambo mawili yanayopingana: damu kutoka sana na damu kuganda. Wewe una hatari zote mbili kwa wakati mmoja. Hatari ya kuganda haikwishi siku mimba inapotoka, hubaki juu kwa wiki kadhaa, na ndiyo sababu wengine huendelea na sindano za tumboni za kuzuia kuganda hata kama mimba haipo tena.

Jambo moja la nyumbani. Mama au shangazi akija kukukanda kwa maji ya moto, ni kwa upendo, na kitambaa cha uvuguvugu tumboni kwa maumivu hakina neno. Ila mguu uliovimba usikandwe, usichuliwe, usifungwe. Bonge lililo kwenye mguu likitikiswa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Na kwa anayetumia dawa hizi, kuchuliwa kwa nguvu popote huacha madoa ya damu chini ya ngozi.

Hatua ya 3: Pima mimba baada ya wiki 3

Homoni ya mimba hubaki mwilini kwa muda, kwa hiyo ukipima wiki ya kwanza utaona mistari miwili na utaumia bure. Subiri wiki 3. Kipimo kikionyesha hakuna mimba, vizuri. Kikiendelea kuonyesha ipo, rudi kliniki: huenda kuna mabaki, huenda ni mimba mpya, na mara chache ni mimba zabibu (kondo lililokua vibaya kama vishada vya zabibu), ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa damu.

Hatua ya 4: Subiri hedhi ya kwanza, lakini usijiachie

Kwa wengi hedhi hurudi kati ya wiki 4 na 6, kwa wengine hadi wiki 8. Yai, hata hivyo, linaweza kupevuka wiki 2 tu baada ya mimba kutoka, kabla hujaona hedhi yoyote. Ukisubiri hedhi ndipo ufikirie kinga, unaweza kuwa umechelewa. Kwa anayetumia warfarini hili lina uzito wa pekee, nitalirudia katika hatua ya 9.

Hedhi hiyo ya kwanza mara nyingi huwa nzito na yenye maumivu kuliko ulivyozoea. Pia huwaliza watu, hata wale walioamini wameshapoa. Mwambie mtu mmoja mapema kwamba siku hizo zinakuja, akusaidie kubeba maji na kukupikia.

Hatua ya 5: Hesabu damu kwa alama

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanaruka. Ukifika kliniki ukasema "inatoka nyingi", utaulizwa nyingi kiasi gani, na jibu likikosekana unaambiwa ni kawaida ya wanawake. Namba haipuuzwi kirahisi hivyo.

Kila unapobadilisha pedi, andika alama:

- Pedi yenye doa dogo: 1
- Pedi iliyolowa katikati: 5
- Pedi iliyolowa yote: 20
- Bonge dogo: 1
- Bonge kubwa, tuseme linalozidi sarafu ya shilingi 500: 5

Jumlisha kwa hedhi nzima. Ikizidi 100, hiyo ni hedhi nzito kwa kipimo kinachotumiwa na madaktari wa wanawake. Mfano: siku ya kwanza pedi 3 zilizolowa katikati ni alama 15. Siku ya pili pedi 4 zimelowa zote, 80, na mabonge makubwa 2, alama 10. Umefika 105 na hedhi bado haijaisha.

Ukitumia kikombe cha hedhi (baada ya damu ya mimba kukauka kabisa na daktari kukubali), hesabu ni rahisi zaidi kwa sababu vingi vina alama za mililita. Zaidi ya mililita 80 kwa hedhi nzima ni nyingi. Pedi za kufua hazihesabiki vizuri kwa alama hizi, ila kama ndizo unazo, andika ulibadilisha mara ngapi na kama damu ilipita hadi kwenye nguo. Ukizifua, zianike juani. Aibu ya kuzificha chini ya kitanda huleta ukungu.

Andika pia siku ya kuanza, siku ya kuisha, na kama uliamka usiku kubadilisha. Hedhi inayopita siku 8 ni ndefu.

Hatua ya 6: Endelea na dawa, na ujue yako inavyofanya kazi

Warfarini hufuatiliwa kwa INR, na kwa wagonjwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Hedhi ikija nzito ghafla, omba INR siku hiyo. Mara nyingi utakuta imepanda, na sababu ni dawa nyingine. Baada ya mimba kutoka ni kawaida kuandikiwa metronidazo, na ukiwashwa unapewa flukonazo ya fangasi. Zote mbili hupandisha nguvu ya warfarini, na hata Septrin hufanya hivyo. Usizikatae, ila mwambie anayekuandikia kwamba unatumia warfarini, na uulize INR irudiwe lini.

Enoksaparini, ile sindano ya tumboni, haihitaji INR. Badilisha upande kila siku na usisugue ulipochoma. Isigande kwenye friza, na isikae juu ya friji au dirishani. Kwa joto la Dar, mwezi wa Januari hasa, itafutie sehemu yenye ubaridi na kivuli kuliko zote ndani ya nyumba.

Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula, vinginevyo haifyonzwi vizuri. Inajulikana kwa kuongeza hedhi. Ikikusumbua mwambie daktari, kuna uwezekano wa kubadilishiwa.

Ukisahau dozi, usimeze mbili kesho yake kufidia.

Hatua ya 7: Maumivu na "dawa ya kukata damu"

Kwa maumivu tumia parasetamo, usizidishe gramu 4 kwa saa 24, na ukiwa kwenye warfarini usiifanye ya kila siku bila kumwambia daktari. Diklofenaki na aibuprofeni ziache: zinakwaruza tumbo na kuongeza kutoka damu. Aspirini ya miligramu 75 uliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine, hiyo endelea nayo.

Sasa kosa kubwa la famasi. Ukisema "nataka damu ikate", kuna uwezekano ukapewa norethisteroni, wengi wanaijua kwa jina la Primolut N, au vidonge vya asidi ya traneksamiki. Ya kwanza kwa dozi kubwa hugeuka kwa sehemu kuwa estrojeni mwilini, na estrojeni huchochea damu kuganda. Ya pili kazi yake ni kulinda mabonge yasiyeyuke. Daktari wa damu anaweza kukuandikia mojawapo akijua historia yako. Wewe usijinunulie, na usichukue ya shoga yako hata kama yeye ilimkata siku moja.

Hatua ya 8: Rudisha damu

Pima wingi wa damu wiki chache baada ya mimba kutoka, na tena baada ya hedhi ya pili. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu na chini ya 8 ni upungufu mkali.

Vidonge vya chuma meza na maji ya limao au chungwa, mbali na chai na maziwa kwa saa moja au mbili. Endelea miezi 3 baada ya damu kurudi, kwa sababu akiba hujaa polepole. Choo kitakuwa cheusi au kijani kizito. Hicho ni chuma. Kilicho hatari ni kile laini, cha kunata na chenye harufu kali.

Maini, dagaa, nyama na maharage vina chuma. Mchicha, matembele na kisamvu navyo ni vizuri, ila vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Jibu la hapo si kuacha mboga, kama wengine wanavyoambiwa. Kula kiasi kinachofanana kila wiki, na dozi itapangwa kufuatana nacho. Kinachovuruga ni kula kisamvu wiki nzima kisha kukosa mwezi mzima.

Ukijikuta unatamani pemba, ule udongo wa kutafuna, usijionee haya. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma. Lakini udongo wenyewe hushika chuma tumboni na kuzuia kisifyonzwe, kwa hiyo unaongeza tatizo.

Hatua ya 9: Chagua kinga kabla ya kushika mimba nyingine

Warfarini huweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kwa hiyo ukiwa unaitumia, hedhi ikichelewa hata siku chache, pima mimba na umpigie daktari siku hiyo ubadilishiwe sindano. Hii ndiyo faida ya pili ya daftari lako.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni, vile vya kawaida vya mchanganyiko, si vyako. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakigandishi damu, ila kinaweza kuongeza hedhi, jambo ambalo kwako si dogo. Kitanzi cha homoni hupunguza hedhi sana. Hicho pamoja na kijiti, ukiwa na kingamwili za antifosfolipidi, jadili na daktari kwanza. Sindano ya miezi 3 isiwe chaguo la haraka. Kondomu zinafaa wakati ukisubiri uamuzi.

Hatua ya 10: Vipimo vya chanzo

Kingamwili za antifosfolipidi hupimwa mara mbili, zikipishana angalau wiki 12. Jibu moja halitoshi kukupa jina la ugonjwa wala kukuondolea. Heparini (kundi la dawa ambamo enoksaparini imo) na warfarini huvuruga baadhi ya vipimo hivi, basi andika dawa zako kwenye fomu ya maabara. Protini S, ambayo ni protini ya damu inayozuia kuganda, nayo hushuka wakati wa mimba, kwa hiyo kuipima wiki ile ile mimba ilipotoka ni kupoteza fedha.

Kwa njia ya rufaa, unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapanda hadi hospitali ya rufaa ya mkoa (kwa Dar ni Amana, Temeke au Mwananyamala), kisha Muhimbili kwenye magonjwa ya damu. Omba barua ya rufaa iseme mimba ngapi zimetoka na kila moja ilikuwa na wiki ngapi. Mimba moja iliyotoka baada ya wiki 10, au tatu mfululizo kabla ya hapo, ni sababu tosha ya kupimwa.

Mambo yakienda kombo

*Damu ya mimba imepita wiki 3 haikati.* Ultrasaundi kuangalia mabaki, INR kama ni warfarini, na wingi wa damu. Vyote vitatu siku moja.

*Wiki 8 zimepita hakuna hedhi.* Pima mimba kwanza. Kama haipo, na kila mwezi unapata maumivu ya hedhi bila damu, na ulisafishwa, taja hilo. Makovu ndani ya kizazi yanaweza kuziba njia, na yanatibika.

*Maumivu makali ya ghafla upande mmoja katikati ya mwezi.* Yai linapotoka huacha kijeraha kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai. Kwa wengi hukauka chenyewe, lakini kwa anayetumia dawa hizi kinaweza kuvuja damu tumboni. Pia inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Usilale nalo hadi asubuhi.

*Hedhi inakuja kila baada ya wiki 2.* Miezi ya mwanzo homoni huyumba. Andika mizunguko miwili. Ikiendelea, au ukitokwa damu baada ya tendo, rudi uchunguzwe shingo ya kizazi pia.

*Alama zinazidi 100 kila mwezi na dawa haziachiki.* Hii si hali ya kuvumilia. Omba mazungumzo ya kubadilishiwa aina ya dawa au kuwekewa kitanzi cha homoni, na chuma kwa mishipa kama vidonge vinakushinda.

*Dawa imeisha na famasi ya mtaani haina.* Usigawanye vidonge vilivyobaki ili vifike mwisho wa mwezi. Piga simu kliniki siku ile unapobakiwa na vya wiki moja. Kama simu haipokelewi, nenda na boksi tupu kwenye famasi ya hospitali ya mkoa.

*Umefika hospitali usiku na anayekupokea hakujui.* Sema kwa mpangilio huu, hata kama sauti inatetemeka: "Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, inaitwa fulani. Dozi ya mwisho nimemeza saa fulani. Mimba ilitoka tarehe fulani. Nimelowesha pedi kadhaa tangu saa fulani." Kisha mpe daftari.